Chumba Kimoja Kisichoanguka
Mhadhara kwa wananchi wa Galula, wilaya ya Songwe, kabla ya msimu wa mvua



Nimeomba kuzungumza nanyi mwezi huu wa Oktoba kwa makusudi. Jua linachoma, vumbi jekundu limefunika hata majani ya migomba, mpunga umeshauzwa, ufuta nao umeshauzwa, na mvua tunaisikia redioni tu. Mtu akizungumza habari za dhoruba katika joto hili anaonekana kama aliyekosea kalenda. Lakini mambo nitakayowaomba leo hayafanyiki Januari. Udongo ukishalowa tofali halikauki, na ukishaanza kulima huna siku ya kupanda juu ya paa.

Wahenga wamesema dalili ya mvua ni mawingu. Swali langu kwenu ni hili: kati ya wingu na mvua, mnapata muda gani?

Wenzetu wa pwani huwa wanapata siku kadhaa. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa bado baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imeshakitaja kwa jina, ikaeleza kinaelekea wapi, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa kabla hakijagusa ukanda wa Mafia. Watu wa pwani wana kumbukumbu ndefu ya mambo haya. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja kiasi kwamba utajiri wa karafuu ukahamia Pemba. Aprili 1952 Lindi nayo ikapigwa. Kimbunga cha bahari ni kikubwa, kinatembea, na siku hizi kinaonekana kutoka angani.

Sisi wa bara dhoruba zetu hazipewi majina. Wingu linainuka saa 9 mchana juu ya milima, linakuwa jeusi, upepo wa baridi unapita ghafla na harufu ya udongo, na ukigeuka kuita watoto bati la jirani limeshaanza kupiga kelele. Mamlaka inaweza kututangazia kwamba mikoa ya Mbeya, Songwe na Rukwa itarajie mvua kubwa na upepo mkali kesho. Lakini kutuambia kwamba wingu litashuka Galula na si Mbuyuni, saa 10 na si saa 12, hilo haliwezekani. Kwa hiyo muda wetu ni robo saa. Chochote ambacho robo saa haitoshi kukifanya, kifanyike sasa.

Nataka niwapeleke Mwakata. Wengi wenu hapa mna ndugu Usukumani, na baadhi yenu mlihama kutoka huko mkiwa na ng'ombe mkaja kwenye bonde hili, kwa hiyo jina hilo si geni. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, ilishuka mvua ya mawe yenye upepo mkali. Watu zaidi ya 40 walikufa katika usiku mmoja. Rais Kikwete alikwenda kuwapa pole. Nchi nzima ililia, kisha, kama kawaida yetu, tukaendelea na mengine.

Mimi sikuacha kuufikiria usiku ule. Waliokufa wengi hawakuwa porini wala njiani. Walikuwa ndani, wamejifungia, wamelala, kama mzazi yeyote angewaagiza. Nyumba zilikuwa za tofali za udongo. Bati likang'oka, maji na barafu vikashuka moja kwa moja juu ya kuta, ukuta mbichi ukanywa maji ukawa mzito na laini kwa wakati mmoja, ukaangukia ndani. Nyumba iliyokuwa kimbilio ndiyo iliyowafunika.

Nami nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Nikiwa darasa la 4 upepo ulifumua paa letu usiku. Mama alituingiza watoto wanne chini ya kitanda cha mninga alichokuja nacho kutoka kwao. Ukuta wa upande wa upepo ulianguka juu ya kitanda kile, na kitanda hakikuvunjika. Tulikaa mle mpaka alfajiri, tope likiwa limetuzunguka, mama akitutaja majina mmoja mmoja kila baada ya muda ili ajue nani anaitika. Tangu usiku ule sijawahi kuingia nyumba ya mtu bila kuangalia juu, mahali paa linapokutana na ukuta.

Hapa nieleze jambo ambalo vijana wenye simu wameniuliza. Wameona picha za Marekani, majimbo kama Oklahoma na Kansas, ambako watu huchimba chumba chini ya ardhi, wakaweka mlango wa chuma, rafu za makopo na maji, na kimbunga cha mkonga wa tembo kikija wanashuka humo. Wakaniuliza: mwalimu, nasi tuchimbe? Hata Wachaga walichimba mahandaki zamani za vita.

Msichimbe. Wamarekani wale wanakimbia upepo unaosokota na kubeba gari zima, na unapita kwa dakika chache. Sisi upepo wetu huja na maji, na maji hutafuta shimo. Kumbukeni tumekaa wapi. Galula iko kwenye sakafu ya bonde la ufa, na mto Songwe unapita hapa kwenda ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Maji yakiingia bondeni hayana pengine pa kwenda. Wanasayansi waliokuja kuchimba mifupa katika magenge mekundu ya eneo letu waliipa miamba ile jina la Galula, na ndani yake wamepata mamba mdogo mwenye meno kama ya paka, Pakasuchus, aliyetangazwa mwaka 2010, na mjusi mkubwa wa shingo ndefu waliyempa jina la Kiswahili, Shingopana, mwaka 2017. Miamba ile ni mchanga na tope lililoletwa na mito ya kale, makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, likawafunika wanyama wale. Ninapoiona huwa najiambia: bonde hili lilikuwa la maji kabla halijawa letu. Shimo chini ya nyumba hapa ni kaburi lenye ngazi.

Ninachowaomba ni chumba kimoja, juu ya ardhi, ndani ya nyumba ileile uliyonayo. Sisemi mbomoe nyumba mjenge upya, maana najua bei ya mfuko wa saruji ukifika hapa kutoka kiwandani kule upande wa Mbeya. Nasema katika vyumba vyako vitatu au vinne, chagua kimoja uamue kwamba hiki hakianguki.

Chagua kilicho kidogo. Chumba kidogo kina kuta fupi, na kuta fupi zinashikana pembeni zikasaidiana, lakini sebule ndefu ina ukuta unaosimama peke yake kama karatasi. Kiwe na dirisha moja dogo au kisiwe nalo. Kisiwe chini ya ule ukuta wa pembetatu unaopanda mpaka kwenye kilele cha paa, kwa sababu mara nyingi pembetatu ile ndiyo huanguka kwanza, nayo inaweza kuangukia ndani. Kama mti mkubwa umeinamia upande mmoja wa nyumba, chumba kiwe upande mwingine, au mti upunguzwe matawi mwezi huu.

Kama kuta ni za tofali mbichi, chumba hicho kikitangulia kupata tofali za kuchoma itakuwa vizuri sana, na tofali za kuchoma hapa tunazijua. Kama huwezi mwaka huu, basi linda miguu ya ukuta. Ukuta wa udongo huanza kufa chini, pale maji ya paa yanaporuka kutoka ardhini na kuulamba. Panga mawe kuzunguka, inua udongo ulioshindiliwa, chimba mtaro unaopeleka maji mbali, piga lipu mahali palipochubuka. Kazi hiyo inahitaji jembe na siku mbili.

Sasa paa. Mtanivumilia, hapa nitakaa kidogo.

Tunadhani upepo unasukuma paa. Upepo unalivuta paa juu. Unapopita kwa kasi juu ya bati unalinyonya, na ukiwa umepata mlango wazi unaingia ndani na kulisukuma kutoka chini. Ndiyo maana paa huondoka kama kifuniko cha sufuria. Na mnyororo unaolishikilia una viungo kadhaa: bati limeshikwa na papi kwa misumari, papi zimeshikwa na kenchi, kenchi zimekaa juu ya mbao inayolalia ukuta, na ile mbao imekaa juu ya tofali. Wengi wetu tunahangaikia misumari ya bati tu. Nimepita nyumba nyingi hapa Galula, na mahali pabovu ni palepale: mbao imelazwa juu ya ukuta, haijafungwa na kitu. Paa zima limekaa kwa uzito wake. Bati jepesi la siku hizi halina uzito wa kushindana na upepo.

Dawa yake ni waya, ule ambao mafundi hufungia nondo, ukikunjwa mara mbili au tatu. Toboa ukuta kozi nne au tano chini ya mbao, pitisha waya, zungusha juu ya mbao na mguu wa kenchi, kaza kwa koleo, kisha ziba tundu kwa saruji. Fanya hivyo kwa kila kenchi ya chumba kile. Sasa upepo ukitaka paa hauna budi kubeba na kozi hizo za tofali. Anayejenga upya apitishe lenta ya zege na nondo kuzunguka kuta zote juu ya milango na madirisha, na nondo zichomoze zishike mbao. Kwenye kingo na pembe za paa, ambako upepo huvuta kwa nguvu zaidi, misumari isogezwe karibu karibu. Na kivuli cha baraza kiwe na paa lake tofauti, ili likiondoka liondoke peke yake.

Mawe mliyoweka juu ya bati, naomba yashuke. Jiwe halizuii upepo mkali. Paa likiondoka, jiwe linamwangukia mtu.

Ndani ya chumba kile weka kitanda au meza ya mbao ngumu yenye miguu minne imara, na watoto wafundishwe kuingia chini yake bila kuuliza. Upepo ukianza, funga milango na madirisha yote. Kuna wanaofungua dirisha ili upepo upite. Ukipita dirishani unafika paani kwa chini.

Nije kwenye radi. Januari 27 mwaka 2025, shule ya sekondari Businda, wilaya ya Bukombe mkoani Geita, radi iliua wanafunzi 7. Kama mwalimu siwezi kuitaja siku hiyo nikaendelea haraka.

Najua kuanzia Sumbawanga mpaka bonde hili watu huzungumza habari za radi ya kutumwa. Sikuja kugombana na imani ya mtu. Lakini nimeona msiba ukigeuka kuwa misiba miwili, watu wakianza kumtazama bibi fulani mwenye macho mekundu, macho ambayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka 50. Ninaloweza kuwathibitishia ni njia radi inazopita. Inapenda kilicho kirefu, na umeme wake hupita upesi kwenye chuma na kwenye maji. Kwa hiyo mwembe ulio peke yake shambani ni mahali pabaya kuliko kulowa. Kibanda cha shamba cha nguzo nne hakizuii chochote. Ukiwa ndani usiegemee ukuta, usishike nondo ya dirisha, usiguse waya wa sola wala simu iliyo kwenye chaji. Ng'ombe wasifungwe kwenye uzio wa waya.

Hesabu pia. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ikiwa chini ya 30, uwe umeshaingia ndani. Na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho, hata kama jua limeshatoka. Watoto wanaipenda hesabu hii, na mtoto anayehesabu halii.

Mama zangu, sasa nazungumza nanyi zaidi, kwa sababu kitakachowekwa ndani ya chumba mnakijua kuliko mimi. Fikirini siku tatu: barabara ya Mbalizi haipitiki, dukani hakuna kitu, kuni zimelowa, choo kimejaa na kisima kimeingiwa na maji ya choo.

Maji ndiyo kwanza. Mtu mmoja kwa kunywa na kupika anahitaji kama lita 4 kwa siku. Watu 6 kwa siku 3 ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20. Manne tu. Yaoshwe, yajazwe maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, yafungwe, yabadilishwe kila baada ya wiki chache, na asiyaguse mtu kwa kuwa mgeni amekuja. Wekeni na vidonge vya kutibu maji, kwa sababu kinachoua baada ya mafuriko mara nyingi ni kuhara.

Chakula kiwe hasa cha kuliwa bila moto. Hapa Wasukuma wametuletea elimu ambayo hakuna kopo la dukani linaloishinda: michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, michembe vikiwa vibichi na matobolwa vikiwa vimechemshwa. Vinakaa miezi, na matobolwa mtoto anayatafuna bila kuni. Ongeza karanga za kukaanga, sukari, chumvi, unga wa uji, na pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini kutoka zahanati. Vitu vyepesi viwe juu, kwenye chanja au darini, na vitu vizito viwe chini yake, si juu ya vichwa vya watoto. Kuni kavu na mkaa mfuko mmoja viwe kwenye nailoni. Lakini jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa hata kwa dakika kumi za kupasha maziwa. Hewa yake inaua mtu akiwa usingizini, na haina harufu.

Kisha kuna ndoo moja yenye mfuniko unaobana. Humo, ndani ya mfuko wa nailoni, weka vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki za watoto, vyeti vya shule, na hati ya haki miliki ya kimila kama shamba lako limepimwa. Hakimu haulizi upepo ulikuwa mkali kiasi gani, anauliza hati. Humo humo tochi, betri, redio ndogo, filimbi, kanga mbili, kiberiti kwenye chupa kavu. Mwenye dawa za kila siku, za presha, kisukari, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI, asiache zibaki za siku moja wakati wa masika. Filimbi naisisitiza. Mtu aliyefunikwa na ukuta sauti yake inakatika upesi, filimbi haichoki.

Na mbegu. Katika mashauri niliyowahi kusoma juu ya akiba ya dhoruba sikuiona mbegu, labda kwa sababu yaliandikwa na watu wanaonunua chakula dukani. Mvua ya mawe ikipiga mahindi yenye urefu wa goti, hasara ya kwanza umeipata siku hiyo. Ya pili utaipata kama huna cha kupanda tena wiki inayofuata wakati udongo bado una unyevu. Kilo chache za mahindi ya muda mfupi, kunde, na mbegu za mboga, kwenye chupa zilizofungwa, zikae pamoja na michembe. Mzazi asiziuze.

Sasa nikubali mpaka wa chumba hiki. Chumba ni cha upepo, mawe na mvua. Hakikusaidii mto ukija. Mto wetu Songwe, si ule mwingine wa jina hilo unaotutenga na Malawi, huanzia kwenye milima ya upande wa Mbeya. Unaweza kufurika hapa mbingu zikiwa nyeupe, kwa sababu mvua ilinyesha usiku kule juu. Walio kwenye mashamba ya mpunga kando ya mto wawe na mtu wa kuwapigia simu kutoka Mbalizi kule juu, na simu hiyo ikija usiku wasingoje kuona maji. Chukua ndoo ya hati, chukua watoto, panda. Madumu yaache. Na daraja au kivuko chenye maji yanayokimbia juu yake usikijaribu kwa pikipiki, hata yakiwa ya magoti.

Redioni mtasikia maneno ambayo uzito wake si sawa. Mamlaka ikisema angalizo, anza kuchungulia mbingu, chaji simu, anua vitu. Ikisema tahadhari, mifugo na watoto wasiende mbali. Ikisema tahadhari kubwa, watu wa kando ya mto waondoke kabla ya giza. Zimamoto na uokoaji namba yao ni 114, andikeni ukutani kwa chaki, ingawa kwa umbali wetu mwokoaji wa kwanza atakuwa jirani mwenye jembe.

Hilo la jirani ndilo lililonileta. Nilipokuwa natembelea nyumba zenu wiki hii nilihesabu kwa macho yangu nyumba za wazee wanaoishi peke yao au na wajukuu wadogo. Hawawezi kupanda juu ya paa. Hawana waya, na wengine hawana dumu la pili. Nimezungumza na mwenyekiti wa kijiji, naye amekubali kwamba kila nyumba yenye chumba imara iandikiwe nyumba moja isiyo nacho, ili wingu likiinuka wale wajue mlango wanaoukimbilia, na wenye mlango wawe wamewahesabu kwenye maji.

Kesho Jumamosi saa 1 asubuhi, kabla jua halijawa kali, tunaanza na yule mama mkubwa mwenye nyumba ya vyumba viwili njia ya kwenda mtoni, anayelea wajukuu watatu. Chumba cha nyuma ndicho tumechagua. Kina kenchi nne. Nimeshanunua waya. Anayekuja alete koleo, mwenye ngazi alete ngazi, na akina mama waliosema watachangia michembe waje nayo kwenye gunia safi. Vijana wa kule nyuma, nawahitaji wawili wepesi wa kukaa juu ya ukuta.